Pepo Aliyenukia Mahindi

Nianze na kosa langu, maana sisi watu wa misheni tuna tabia ya kuanza na utukufu, kosa tukaliacha kwa ajili ya maombi ya faragha. Nilichoma mbegu ya mwanamke aliyekuwa akinilisha. Ilikuwa mbegu ya shamba lake zima, na mvua ilikuwa imeshaonekana. Niliichoma hadharani, kwa petroli, huku nikiimba pambio.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, Korogwe. Kila mwaka, wiki chache kabla ya masika, umoja wetu wa wanafunzi Wakristo ulichagua kijiji kimoja, ukakiombea mwezi mzima kama mgonjwa wa wodini, kisha tukakiendea kwa siku saba. Mwaka huo tukapangiwa Kwedizinga, upande wa Handeni. Kutoka chuoni hadi huko ni safari ya kula muwa mmoja na nusu, lakini namna tulivyoagwa ungesema tunavuka bahari. Mama mlezi wa umoja alilia. Mwenyekiti wa misheni, kijana wa mwaka wa tatu aliyekuwa ameikwaruza sauti yake makusudi ili ifanane na ya wahubiri wa kwenye simu, alitutangazia kwamba tunakwenda kwa watu wakaao gizani. Mimi nikapiga amina ya nguvu. Kwedizinga sikuwahi kufika, lakini giza lake nilishalijua.

Tulikuwa ishirini na wawili. Tulivaa fulana nyekundu zenye ndimi za moto kifuani. Tulikuwa na jenereta, kinanda, na spika mbili zilizochukua nafasi ya watu sita kwenye basi tulilokodi, kiasi kwamba watu sita wakasafiri wamesimama kwa ajili ya Injili.

Watu wa gizani walitupokea kwa kwaya ya sauti nne. Kanisa lao la matofali lilikuwa na kengele, na kaburi la mwinjilisti wao wa kwanza lilikuwa limeshaota nyasi zikang'olewa mara nyingi kabla baba yangu hajazaliwa. Mzee mmoja alituuliza kwa upole kama tumekuja na Biblia, au tunasoma kwenye simu kama wale vijana wa mwaka juzi, maana simu zao zilizima katikati ya somo wakaomba kuazima. Kumbe tulikuwa na watangulizi. Hakuna aliyekuwa ametuambia.

Tukagawanywa wawili wawili katika nyumba za wenyeji. Mimi na mwenzangu, binti wa Dar niliyelala naye chumba kimoja chuoni, tukapelekwa kwa mama mmoja mjane. Alikuwa mzee wa kanisa, yaani ameshika ule uzee tangu sisi hatujajua kutembea. Alitupa kitanda chake na chandarua, yeye akatandika mkeka chumba cha pili, na tulipokataa alicheka tu. "Mgeni hana ubishi," akasema. "Lala, mwanangu." Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Ngoja uone yule mwenyeji alivyopona.

Usiku wa kwanza, wakati wa kula, alituambia habari zake bila kulalamika. Mwaka uliopita mvua ilikatika mahindi yakiwa magotini. Alivuna kidogo, ya kula yakaisha mapema, sasa ananunua unga kama mtu wa mjini. Alichobakiza ni mbegu. Ile hakuigusa hata alipolala na uji tu. "Nimeshasafisha shamba nusu," akasema. "Mvua ikidondoka, napanda. Mwaka huu nikikosa tena, sijui." Mwenzangu akamwambia Mungu atafanya njia. Mama akaitikia amina, akatuongezea ugali. Niliusikia ule mkasa wote kwa masikio yangu mawili, nikalala nao, na bado nikafanya nilichofanya.

Labda niseme mimi ni nani. Mimi ni mtoto wa Ngombezi, wa kambi za mkonge. Babu alikuja kutoka mbali kukata mkonge, baba akaingia kiwandani, mama akauza vitumbua. Kwetu unga ulitoka dukani kwenye mfuko, na mfuko ukiisha unanunua mwingine. Mbegu nilikuwa naijua ya kwenye daftari: unaweka harage kwenye pamba yenye maji, siku ya nne linachungulia, mwalimu anakupa alama tano. Na hiyo ndiyo elimu niliyokuwa naisomea ili nikawape watoto wa watu.

Misheni ikaanza. Asubuhi nyumba kwa nyumba, alasiri mkutano kwenye uwanja wa mpira. Mwenyekiti alihubiri kwa Kiswahili, nami nikasimama pembeni na kipaza sauti cha pili nikitafsiri kwa Kiingereza. Ndiyo, Kiingereza. Uwanja mzima hapakuwa na Mzungu hata wa dawa. Walikuwapo wakulima wanaoongea Kizigua nyumbani na Kiswahili sokoni, lakini wahubiri wakubwa wote wana mkalimani, na mwenyekiti hakutaka kuonekana mhubiri mdogo. Bibi mmoja alinifuata baadaye akanishika mkono, akaniambia amefurahia sana, hasa yale niliyoyasema mimi, ingawa hakuelewa neno.

Mwito ukitolewa, mikono ilinyooka mingi, na mwenyekiti alilia machozi. Siku ya tatu nilimuuliza mzee wa zile Biblia, ambaye naye alinyoosha mkono, kama hakuwa ameokoka siku zote. "Nimeokoka zamani, mwanangu," akaniambia. "Lakini mtu ametoka Korogwe na spika, umwache arudi hivihivi? Si adabu." Alikuwa ameokoka katika misheni zote zilizopita hapo, kwa adabu. Ningekuwa na akili ningemwambia mwenyekiti. Nikanyamaza, maana takwimu zilikuwa zinapendeza.

Jioni ile ile mwenyekiti akatupa somo la alama. Madhabahu za ukoo, alisema, zinatambulikana kwa mambo manne: weusi, majivu, shanga, na kitambaa chekundu. Ukiona mawili, shtuka. Ukiona matatu, ita wenzako. Manne kwa pamoja yeye mwenyewe hajawahi kuyaona, na anamwomba Mungu ampe nguvu siku atakayoyaona. "Na msiulize," akatuonya. "Mwenye madhabahu ukimuuliza atakudanganya. Kuuliza ni kumpa adui nafasi ya kujipanga." Tukaandika. Walimu watarajiwa ishirini na wawili, watu tuliokulia kwenye kuuliza si ujinga, tukaandika kwenye madaftari yetu kwamba tusiulize.

Kufika Alhamisi kila jozi nyingine ilikuwa imeleta kitu cha kuchoma. Wengine hirizi, wengine pembe ya mbuzi iliyokuwa na ugoro, wengine ushanga wa kiunoni wa mtoto mchanga. Sisi wawili hatukuwa na kitu, tutakitoa wapi na tumelala kwa mzee wa kanisa? Jioni jozi zikiitwa mbele kushuhudia, sisi tulipiga makofi. Niliona wivu. Nilikuwa mkalimani, nilikuwa wa pili kwa mwenyekiti, halafu dada mmoja wa mwaka wa kwanza asiyejua hata kufunga kilemba ananipita kwa hirizi mbili! Nililala nimenuna. Niliomba Mungu anipe changu.

Ijumaa ilikuwa zamu yetu ya jikoni. Mama alitoka alfajiri na jembe, maana mawingu yalikuwa yameifunika milima ya Usambara na alitaka kumaliza kipande cha mwisho. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo pembeni ya nyumba. Wiki nzima nilikuwa nikiingia mle, nachota maji, nasonga ugali, natoka nikikohoa. Siku hiyo kuni zilikuwa mbichi, moshi ukanivamia, nikainua uso kufuta macho. Ndipo nikakiona.

Kilining'inia juu ya mafiga, kwenye boriti. Kibuyu kikubwa cha kukumbatia, cheusi tii. Mdomo ulikuwa umezibwa kwa udongo na majivu. Shingoni kimefungwa kitambaa chekundu, na juu ya kitambaa kumezungushwa uzi wa shanga. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kuhesabu. Manne!

Mwenzangu aliogopa, lakini aliogopa kwa akili. "Dada, tumngoje mama arudi tumuulize," akasema.

Nikamkemea. Mimi! "Umesahau somo? Wewe huoni kwamba ndiyo maana mumewe alikufa? Ndiyo maana mvua inakatika kwake?" Mwenzangu hakunijibu kwamba mvua ilikatika kwa kata nzima. Nikapanda kwenye kigoda, nikakata kamba kwa kisu cha kukatia vitunguu, na kile kitu kikanielemea kifuani nusura kiniangushe.

"Kizito," nikasema nikihema.

Tukakitikisa. Ndani kukasikika mchakacho, vitu vingi vidogo vikigongana.

"Mifupa," nikasema.

"Mbona vinasikika vingi hivyo?"

"Ukoo mkubwa huo."

Tukakifunga kwenye kanga. Tukaufunika ugali, tukafunga mlango wa mama vizuri ili kuku wasiingie, tukaenda zetu uwanjani tukiwa na adabu zote isipokuwa ile moja.

Mwenyekiti alipofunuliwa kanga alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima. Kisha akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba leo Kwedizinga inafunguliwa. Akaniita nieleze. Nikaeleza kwa Kiswahili jinsi Roho alivyoniinua uso nikiwa jikoni, kisha, kwa kuwa mkalimani nilikuwa mimi, nikajitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Nyumba ya nani sikutaja. Hiyo niliiona kuwa ni busara. Petroli ya jenereta ikamwagwa kwenye kuni, vitu vya wiki nzima vikatupwa, kibuyu kikawekwa juu kabisa, na mwenyekiti akanipa kiberiti mimi, kwa heshima.

Pembeni ya uwanja mfugaji mmoja wa Kimaasai alikuwa akipitisha ng'ombe wake. Akasimama, akaegemea fimbo, akauliza mbona mnachoma kibuyu kizima kisichovuja. Tukazidisha pambio.

Kwanza kilifoka kidogo mdomoni, kama chungu kinachotaka kuchemka. Kisha, pa! Kikapasuka. Watu wakaruka nyuma. Halafu ikaanza: pa, pa-pa, papapapa, huku vitu vyeupe vikirukaruka juu ya moto.

"Wanatoka!" mwenyekiti akapiga kelele. "Mnawasikia? Si mmoja! Ni jeshi!" Wenzangu wakalipuka kwa kunena kwa lugha. Mwenzangu akarekodi yote kwenye simu. Na mimi nikaruka, nikazunguka, nikapiga vigelegele. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena maishani, na sidanganyi.

Kisha harufu ikafika. Jamani, jeshi la kuzimu lilikuwa linanukia kama stendi ya Korogwe jioni, wanapogeuza mahindi kwenye majiko. Watoto ndio walioelewa kwanza. Wakachukua vijiti, wakaanza kuvuta zile nyeupe kutoka kwenye majivu na kuzitia mdomoni, wakipuliza vidole. "Msile!" mwenyekiti akawapigia kelele. "Mtapagawa!" Watoto wakarudi nyuma hatua mbili, wakiendelea kutafuna. Haleluya za wenyeji zikapungua, moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki za fulana nyekundu peke yake. Wakulima wale kwa jambo hili hawakuhitaji mkalimani.

Mama mwenyeji wangu akatokea upande wa njia ya nyumbani, jembe begani, miguu imejaa udongo. Alikuja moja kwa moja akipita katikati ya watu, na watu wakampisha. Mwenyekiti akaona mwanamke anakuja mbele, basi. "Mama anakuja kujisalimisha! Mpigieni Bwana makofi!" Akampa kipaza sauti mkononi.

Mama akakishika vizuri. Alikuwa amezoea, ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kila Jumapili.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nimetoka shambani, nimepita nyumbani. Jikoni kwangu kuna kitu hakipo. Ni mbegu yangu. Aliyeichukua naomba anirudishie, maana mvua imefika."

Kweli ilikuwa imefika. Tone lilidondoka juu ya spika, tukalisikia wote. Mwenyekiti, kwa mazoea tu, akanigeukia akaninong'oneza: "Tafsiri."

Nikakiinua kipaza sauti changu. "Mama, ni mimi," nikasema kwa Kiswahili. "Nimeichoma."

Alilaza jembe chini, akachukua kijiti kwa mtoto mmoja, akavuta punje kutoka pembeni ya moto, zile ambazo hazikupasuka. Moja ilionekana nzima kabisa. Akaifuta kwenye kanga, akaiweka kwenye jino, akaiuma.

"Imeiva," akasema.

Mwenyekiti akafanya kosa la kuzungumza. Akamwambia mama kwamba kibuyu kilikuwa na alama. Mama akamtazama kama unavyomtazama mgeni aliyemwaga mchuzi. "Kitambaa nilikifunga ili wajukuu wakija wasiichukue wakaipika," akasema. "Moshi unakimbiza dumuzi wanaotoboa mahindi. Majivu vilevile. Shanga zilikuwa za binti yangu alipokuwa mdogo, nilikosa pa kuziweka. Wajukuu zangu wanaelewa. Mkubwa ana miaka tisa." Akachukua jembe lake akaenda nyumbani, na mvua ikatutawanya sisi wengine.

Kamati ikakaa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, watu tisa na taa moja. Nilidhani tutazungumzia mbegu. Tukazungumzia ushuhuda. Video ilikuwa imeshatumwa kwenye makundi, imeshafika chuoni, imeshafika Dar, watu wanajibu amina kwa mamia, na kuikanusha, mwenyekiti alisema, ni kumwaibisha Mungu. Ikaamuliwa tufunge siku moja. Ikaamuliwa pia mama anunuliwe mfuko wa mbegu ya dukani, jambo ambalo lingekuwa la maana kama kuna aliyekwenda kumuuliza. Mimi nikaenda. Alikuwa anakuna nazi, kwa ajili ya chakula chetu.

"Ya dukani inataka mbolea na mvua ya kuaminika," akaniambia. "Hapa kwetu hainisaidii. Tena ukiivuna huwezi kuipanda tena mwakani ikakupa kitu. Ile yangu inastahimili. Nilipewa na mama mkwe wangu nilipoolewa." Majirani nao, akasema, mwaka jana uliwapiga vilevile, mbegu waliyonayo ni ya mashamba yao tu, na kesho kila mtu anapanda. Akakuna kidogo. "Nusu nilimpa mwanangu aliyeolewa Mnyuzi. Kama hajapanda."

"Nitakwenda, mama. Alfajiri."

"Kama hajapanda," akarudia.

Video ile, niseme kabisa hapa nisije nikasahau, bado inatembea mpaka leo. Inabadilishiwa mkoa tu. Nimetumiwa ikiwa pepo wa Sumbawanga, nikatumiwa ikiwa pepo wa Mtwara, na shangazi yangu mwenyewe amenitumia akaniambia nisiifungue nikiwa peke yangu. Kila mara naandika kwamba hayo ni mahindi ya mama mmoja wa Kwedizinga na huyo anayeruka kwa fulana nyekundu ni mimi. Nimeshaondolewa kwenye makundi matatu.

Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka barabara ya lami, nikapata basi, nikashuka, nikapanda bodaboda nyingine, na saa nne nilikuwa Mnyuzi, ng'ambo ya reli. Njia nzima niliomba sala moja: asiwe amepanda. Nikamkuta shambani. Mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, mtoto mgongoni, wengine watatu wakimfuata nyuma na vikopo. Udongo ulikuwa umelowa na ulikuwa umefukiwa vizuri, mistari imenyooka.

"Umeshapanda, dada?"

"Jana. Mvua ilituanza juzi." Akacheka. "Karibu. Wewe ni wa nani?"

Nikamweleza. Nilianzia mbali, kwenye misheni na zamu ya jikoni, kama mtu anayeogopa kufika nyumbani kwao. Nilipofika kwenye moto alininyamazisha kwa mkono. Akatoa simu kwenye fundo la kanga, akatafuta, akanionyesha. Ilikuwa yenyewe. Kundi la kwaya yao. Papapapa, na sauti yangu ya vigelegele juu yake. Chini yake watu wameandika amina, na amina ya tatu ilikuwa ya kwake.

"Hii?" akaniuliza.

"Ndiyo, dada."

Akaisikiliza tena mpaka mwisho, ameisogeza sikioni. "Nimeisikia mbegu ya mama yangu inaungua," akasema, "nikaitikia amina." Akanitukana. Alinitukana kwa Kizigua, taratibu, na ingawa sijui Kizigua niliyastahili yote. Kisha akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akainama kwenye mstari wa kwanza, akaanza kufukua.

Sikuwahi kuona mtu akifukua shamba lake. Alichimbua shimo kwa vidole, akatoa punje, akaitia kwenye kikopo, akaenda shimo jingine. Watoto walisimama wakashangaa, maana jana walikuwa wamesifiwa kwa kufukia. Nikapiga magoti, nikafukua na mimi. Punje zilikuwa zimeshavimba, laini kidogo ukizibana. Alifukua mistari minane kati ya kumi na sita, akazifunga kwenye kitambaa kilicholowa, akanikabidhi. Hakunikaribisha maji, na sikuyatarajia.

Kurudi, Mungu anisamehe, nilirudi nikiwa na furaha. Kwenye basi nilikuwa nimeanza kuupanga ushuhuda kichwani: jinsi Bwana alivyofungua mlango Mnyuzi. Nilimkuta mama kwenye kizingiti, nikamwekea kile kifurushi mapajani kama mtu anayeleta mahari.

Akafungua. Akatia mkono. "Mbona ina udongo?"

"Alikuwa ameshapanda, mama. Ameifukua."

"Mistari mingapi?"

"Minane."

Wiki nzima, na Ijumaa yote, sikuwa nimemwona akilia. Sasa akalia, kwa sauti, ameshika kile kitambaa kwa mikono miwili. "Ana watoto wanne yule," akasema. "Mimi ni mmoja. Kwa nini ulimwacha afukue? Kwa nini hukumwambia mama amesema acha?" Nikasema hukuniambia hivyo, mama. "Nilikwambia kama hajapanda!" Nikakaa chini palepale mlangoni. Ushuhuda wangu ukaishia hapo. Nilikuwa nimechoma shamba moja Ijumaa, na Jumamosi nikaenda kwa nauli yangu mwenyewe kuongeza la pili.

Kuzirudisha haikuwezekana, zingekufa njiani. Jumapili alfajiri akaniamsha, tukaenda shambani. Ilikuwa ndiyo ibada ya kufunga misheni, na mzee wa kanisa, ambaye nadhani hakuwahi kukosa Jumapili isipokuwa za uzazi, alikuwa anachimba mashimo. Yeye mbele na jembe, mimi nyuma na punje. Nikaanza kudondosha mbili mbili kama nilivyosoma. "Moja," akasema bila kugeuka. "Leo hatuna ya kumgawia ndege."

Jua lilipopanda, spika zikaanza. Upepo ulikuwa wa upande wetu, tukasikia kila neno. Mwenyekiti alikuwa anasimulia habari za kibuyu. Kilikuwa kimekuwa vibuyu vitatu. Nyuma yake nilisikia sauti ya mwenzangu, amepewa kipaza sauti changu, akitafsiri kwa Kiingereza, anakwama, anaendelea. Tukapanda. Punje zikaisha shamba likiwa halijafika hata robo. Mama akasimama akatazama ile sehemu iliyobaki, udongo safi aliouchimbua peke yake kwa majuma, umelowa mvua, hauna kitu ndani.

Nilikuwa nimesema mengi tangu Ijumaa: tumepitiwa, haikuwa nia yetu, tunasikitika kama kamati. Ndipo nikamwambia, "Mama, nimekukosea. Nisamehe."

"Nilikusamehe Ijumaa ileile," akasema. "Nisingekusamehe ningekupikia? Hiyo ni kazi yangu, nimeizoea. Lakini mwezi wa saba ukifika, wajukuu zangu wa Mnyuzi nikawaambie nini? Wale msamaha?"

Akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaangalia mistari yetu, akanyoosha kidole nyuma yangu.

"Pale umeacha shimo wazi," akasema. "Rudi ufukie."